Aina Nne za Hevi Meto Zinazotoka Keroka

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Ombati pale Keroka, wewe hujakaa, umechuchumaa tu. Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya duka la kutengeneza redio, mahali ambapo malori ya Kericho hupunguza gia. Hapo ndipo Bosibori huuza kahawa. Gusii nzima inapanda kahawa, inaipeleka sosaiti ya ushirika, kisha inarudi nyumbani kunywa chai. Ni sisi wa benchi peke yetu tunaojua tunachouza kina ladha gani. Ijumaa hiyo ya mwaka 1977 tulikuwa kama kawaida: Ombati mwenyewe, fundi, tunayemwita Waya kwa wembamba wake na kwa kuwa akigusa kitu lazima cheche itoke, Jethro wa lori la ndizi, yaani Dizeli, Manasseh, shemasi wa kanisa la Sabato, ambaye imani yake haimruhusu kahawa wala chai, basi Bosibori humtilia maji moto na sukari kwenye kikombe kama chetu ili asione haya, na mimi Momanyi, Profesa wa benchi. Shule niliiachia darasa la sita. Si kwamba nilishindwa. Niliona walimu wananichelewesha.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa shati la kola ndefu, kwa sababu saa sita Bwana Thadeus angekuja. Thadeus ana hoteli mpya juu ya barabara ya Kisii. Wazungu wa kampuni inayotengeneza barabara wanakula kwake kila Jumamosi jioni, na wamemwambia wamechoka na nyimbo za rumba, wanataka hevi meto. Anatafuta mtu wa kuwapigia sahani za muziki, yaani santuri. Mimi nilimtumia salamu kwamba mtu huyo yuko Keroka, ana hevi meto aina nne, na kwamba akichelewa ataninunua kwa bei ya Nairobi. Nikipata kazi hiyo, nimekuwa mtu. Nikikosa, Jumatatu napelekwa kwa baba mdogo huko Nyamache kuchuma majani chai. Baba alikuwa amenunua kikapu tayari, akakitundika mlangoni ili nikigonge na kichwa kila nikitoka.

Mashine tulikuwa nayo. Waya aliiunda kwa mikono yake: mota ya waipa, ile ya kufuta kioo cha lori, kifuniko cha sufuria cha kuzungusha sahani, puli, yaani kigurudumu, iliyochongwa kwa jiwe laini la Tabaka, na raba ya kuunganisha mota na kifuniko, aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Betri ni ile ya akiba ya lori la Dizeli. Sahani ilikuwa moja. Nilipewa na Mzungu wa greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, siku anaondoka, kwa sababu nilimsaidia kulitoa gari lake kwenye matope ya Birongo. Pale katikati penye maandishi, pande zote mbili, nilibandika picha yangu, ile ya kipande, yaani kitambulisho, ili mtu yeyote akiishika ajue mwenyewe ni nani. Na nilipiga marufuku sahani nyingine yoyote kuwekwa kwenye mashine ile. Ng'ombe wa gredi, wa kizungu, hachanganywi na mbuzi.

Basi sahani ilikuwa inazunguka, spika inanguruma, na Shemasi ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

Shemasi: Profesa, mimi nauliza kwa nia njema. Hii kitu ni nini hasa?

Mimi: Hevi meto, Shemasi. Hevi ni nzito, meto ni chuma. Ni muziki wa chuma kizito.

Shemasi: Chuma kinaimba?

Mimi: Kinapigwa mpaka kinaimba. Sikiliza nikuelimishe, hapa hulipi karo. Huko Uingereza kuna miji ya viwanda vya chuma. Mtoto anazaliwa ukuta mmoja na mashine ya kuponda vyuma. Mama anambembeleza, mashine nayo inambembeleza. Huyo mtoto akikua, gitaa la kawaida halisikii, masikio yameshakuwa sugu. Basi anaongeza umeme. Anaongeza tena. Gitaa linaacha kulia kama gitaa, linaanza kulia kama fahali aliyekanyagwa mguu. Hapo anasema, ee, sasa nasikia.

Bosibori: Na hao vijana hawana wazazi wa kuwaambia wapunguze?

Mimi: Wazazi wako kiwandani, mama.

Dizeli: Na nywele?

Mimi: Nywele mpaka hapa kwenye kiuno. Mzungu wa greda alinionyesha picha.

Bosibori: Wanaume?

Mimi: Wanaume wenye ndevu.

Bosibori: Nani anawasuka?

Nikamgeukia Dizeli. Mtu akianza kuuliza habari ya kusuka, elimu inapotea.

Mimi: Sasa, huu muziki una watoto wengi. Mzungu aliniambia kwa Kiswahili chake: "Moja iko haraka sana. Moja iko katikati, hiyo iko ya kutingisha kichwa tu. Moja iko pole pole kabisa, kama maiti natembea. Ingine iko na moshi, inasikia kichwa nazunguka." Tena akasema kuna wengine wanaojipaka rangi usoni, lakini hao ni wa kutazama, hawamo ndani ya sahani. Hao wanne wamo. Nimewapata mimi mwenyewe, kwa masikio haya.

Shemasi: Wote wanne ndani ya sahani moja?

Mimi: Wewe ulisoma kitabu gani, Shemasi? Biblia si kitabu kimoja? Ndani yake si kuna vitabu sitini na sita?

Shemasi akaanza kuvihesabu kwa vidole. Nilikunywa kahawa yangu taratibu, kama mwalimu mkuu.

Dizeli: Anasema kweli. Mimi nimeshuhudia. Saa moja asubuhi nikipakia ndizi hapa, inatoka ile ya haraka. Yule jamaa anaimba kama anafukuzwa na nyuki. Saa nne nikirudi kutoka Kisii nakuta ya katikati. Saa sita jua likiwaka, inatoka ile nzito, ya maiti. Halafu jioni mvua ikianza kunyesha…

Mimi: Ya moshi!

Dizeli: Ya moshi. Sauti inapanda, inashuka, inapanda. Juzi niliisikiliza dakika kumi nikashindwa kupata mlango wa lori.

Waya: Jamani, mvua ikinyesha ile raba…

Mimi: Waya, ndugu yangu, tunaongea muziki. Habari za tyubu zako tutakuja baadaye.

Waya: Mimi nasema tu kwamba jua likipiga raba…

Dizeli: Mwache Profesa afundishe!

Waya akainua mabega, akarudi kwenye redio yake iliyopasuliwa tumbo. Bosibori akaongeza kahawa.

Dizeli: Lakini mimi najua kitu ambacho Mzungu hakukwambia. Hii muziki haikutoka kiwandani. Ilitoka kwa lori.

Bosibori: Sasa huyu naye.

Dizeli: Sikiliza, mama. Ile ya haraka ni gia ya nne, barabara tambarare, huna mzigo. Ya katikati ni gia ya pili, unapanda kuja Keroka. Ile nzito ni gia ya kwanza, umebeba ndizi hadi juu, injini inalia "uuu, uuu, nimekosa nini?" Na ile ya moshi ni breki zikiungua mkiteremka. Huyo Mzungu wa kwanza alikaa kando ya barabara, akasikia lori, akaenda nyumbani akalipiga kwa gitaa. Tungekuwa na mwanasheria tungekula pesa.

Bosibori: Lori! Mimi nawaambieni kitu kilichotokea, si cha kufikiri. Ng'ombe wangu amefungwa nyuma ya duka hili. Siku ambazo namkamua wakati wa ile ya haraka, maziwa yanatoka kabla sijaweka ndoo. Siku ambazo nimechelewa nikamkamua saa sita, wakati wa ile ya maiti, maziwa yanakuja tone moja, tone moja, lakini mazito, kijiko kinasimama.

Mimi: Kinasimama chenyewe?

Bosibori: Kama mlingoti wa bendera. Uliza kikombe ulichoshika.

Shemasi: Hata Yeriko.

Sote tukamgeukia. Shemasi huwa anauliza tu, hatoi hoja.

Shemasi: Mimi sisemi kwamba nakubali. Nasema tu kwamba nimefikiri. Yeriko ulikuwa ukuta mnene. Ukuta kama huo hauanguki kwa muziki wa mbio. Muziki wa mbio unapita juu ya ukuta, unakwenda zake. Wale makuhani walizunguka siku saba, pole pole. Ilikuwa ile nzito.

Dizeli: Shemasi! Utasimamishwa kanisani!

Shemasi: Nimesema nimefikiri tu.

Mimi nikaona hawa watu watanipita. Profesa hawezi kupitwa kwenye benchi lake. Nikasimama, nikachota udongo kidogo pale chini, nikawaonyesha kiganjani.

Mimi: Hii ni rangi gani?

Dizeli: Nyekundu.

Mimi: Kwa nini?

Dizeli: Kwa sababu ni udongo.

Mimi: Kwa sababu ni kutu! Udongo wa Gusii umejaa chuma, chuma kimeshika kutu, ndiyo maana mguu wako ukioga mara tatu bado ni mwekundu. Sasa fikirini. Asubuhi chuma cha ardhini ni baridi, kinataka kujipasha moto, kinaivuta sahani mbio. Saa sita kimepata jua, kimeshiba, kimelala. Sahani inalala nacho. Mvua ikinyesha, chuma kinachemka kwa kutu, sahani inayumba. Ndiyo sababu aina zote nne zinatoka Keroka. Huko kwao Uingereza hazitoki, ardhi yao ni nyeusi. Mzungu lazima anunue sahani nne. Sisi moja inatosha!

Dizeli alipiga makofi. Bosibori alisema kama ningetumia akili hiyo kwenye shamba la baba, tungekuwa tunakunywa kahawa kwenye ghorofa. Waya alikohoa, akasema "raba", lakini alisema kwa sauti ndogo.

Jua lilikuwa limepanda, na spika ikaanza kutoa ile nzito. Gitaa likashuka mpaka chini kabisa, likawa linatambaa. Ngoma ikawa inapigwa moja, unasubiri, unasubiri, unadhani mpigaji amekwenda kujisaidia, halafu inapigwa ya pili. Shemasi akaweka kikombe chini.

Shemasi: Babu yangu alikuwa na obokano, zeze letu la Kigusii.

Dizeli: Ile kubwa?

Shemasi: Kubwa. Nyuzi nane, ngozi ya ng'ombe, mtu anakaa nyuma yake kama amekaa nyuma ya ng'ombe mwenyewe. Alipokuwa anagusa ule uzi wa chini, tulikuwa watoto, tumelala chini kwenye ngozi, tulikuwa tunausikia hapa, kwenye mbavu. Alipobatizwa aliambiwa aiache. Akaiweka darini. Mchwa wakaila.

Bosibori akamwongezea maji moto.

Shemasi: Huyu wa saa sita, ndiyo sauti hiyo. Wale wengine watatu ni kelele tu, samahani, Profesa. Huyu ninamjua.

Gari jeupe likasimama mbele ya duka. Bwana Thadeus akashuka, tumbo kwanza. Nyuma yake akashuka msichana amebeba daftari, Bitutu, binti wa dada yake, aliyemaliza kidato cha nne na sasa ndiye karani wa hoteli. Alitusalimia kwa Ekegusii kwa heshima, "Bwakire," akaanza na Shemasi aliye mkubwa, kisha akakaa kwenye ncha ya benchi karibu kabisa na spika. Bosibori akampa kikombe.

Thadeus: Nani ndiye Momanyi?

Mimi: Unamtazama, mzee.

Thadeus: Mbona mdogo hivi? Salamu zako zilikuwa kubwa.

Mimi: Nilizituma mbele, mzee, mwili unakuja pole pole.

Hakucheka. Alisimama akasikiliza mashine, mikono nyuma.

Thadeus: Hii betri imekufa?

Mimi: Hapana, mzee. Hii ni aina ya tatu. Inaitwa ya maiti. Nzito.

Thadeus: Watu wanakula nyama wewe unawapigia ya maiti? Nipigie ya haraka.

Mimi: Ya haraka imetoka.

Thadeus: Imetoka kwenda wapi?

Mimi: Huwa inatoka asubuhi, mzee. Ukifika saa moja unaikuta. Sasa ni zamu ya hii. Ukisubiri mvua utapata ya moshi.

Thadeus alimtazama Dizeli, kama anayetafuta mtu mzima. Dizeli akatingisha kichwa kwa uchungu, kuthibitisha.

Dizeli: Ni kweli, mzee. Saa hii huwezi kuipata. Hata ukiwa na haraka namna gani.

Thadeus: Yaani Wazungu wangu waje kula saa moja asubuhi?

Mimi: Au waje na mvua.

Thadeus: Bitutu, chukua daftari, twende.

Nilikiona kile kikapu. Nikaona na majani chai, safu kwa safu mpaka kilimani, na mimi katikati nimevaa gunia kiunoni.

Ndipo Waya akainuka. Akaizima mashine, akachomoa ile raba, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi ya Bosibori, akahesabu kimoyomoyo, akaitoa, akaifuta kwa shati lake kavu kabisa, akairudisha. Akawasha.

Ya haraka ikatoka! Saa sita na robo, jua utosini, ya haraka! Gitaa linakimbia, ngoma zinalikimbiza, jamaa anaimba na nyuki wako nyuma yake. Dizeli aliruka akamwaga kahawa.

Dizeli: Imerudi! Profesa, imerudi!

Mimi: Niliwaambia chuma kinataka baridi! Mnaona? Ni elimu hii!

Hata Thadeus alianza kugongesha kiatu. Niliona mguu ule ukicheza, nikaona maisha yangu yamenyooka, nikaanza hata kupanga shati la Jumamosi. Lakini Bitutu alikuwa ameinama, sikio kwenye spika, kidole kimeinuliwa.

Bitutu: Samahani, kaka. Hii ndiyo aina nyingine?

Mimi: Ya kwanza, dada. Ile uliyokuta ni ya tatu.

Bitutu: Mbona maneno ni yale yale?

Mimi: Maneno gani?

Bitutu: Anayoimba. Wakati tunaingia alikuwa anaimba kwamba treni imemwacha, anarudi nyumbani kwa miguu. Sasa pia anaimba treni imemwacha, anarudi nyumbani kwa miguu. Ila sasa anatembea upesi.

Wote wakanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia kwa wiki tatu kwamba ya haraka inahusu vita, ya katikati mapenzi, ya maiti mazishi, na ya moshi inahusu bunge. Nilitazama kikombe changu.

Thadeus: Fundi, wewe umefanya nini hapo?

Waya: Raba, mzee. Jua likiwaka inalegea, inateleza, sahani inakwenda pole pole. Asubuhi imekaza, inakwenda mbio. Mvua ikinyesha inapata unyevu, inashika, inaachia.

Dizeli: Waya! Wiki tatu! Kwa nini hukusema?

Waya: Nimesema kila siku! Nimesema leo mara tatu!

Dizeli: Umesema raba. Hukusema muziki.

Waya: Nilidhani mnajua, mnafurahi tu.

Bosibori: Na ng'ombe wangu?

Waya: Ng'ombe wako ni mambo ya Mungu, mama. Mimi najua raba.

Thadeus alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika gari lake. Si kicheko cha kumwajiri mtu. Nimeajiriwa mara chache lakini nakijua. Bitutu yeye hakucheka. Aliendelea kuisikiliza ile sahani, kisha akauliza kwa upole, kama anayeomba chumvi:

Bitutu: Basi yenyewe ni ipi? Wale Wazungu wakiomba wimbo wao, ni mwendo upi watakaoujua?

Nilimtazama Waya. Waya akaitazama puli yake ya jiwe. Mashine aliiunda kwa kukisia. Haina namba wala alama. Dizeli akakuna shingo. Shemasi akafumba macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia sahani ile mahali pengine popote.

Thadeus: Si mwendo umeandikwa hapo katikati? Sahani zote huandikwa. Hiyo picha ni ya nani?

Waya: Ya Profesa.

Thadeus: Ibandueni.

Waya: Ameibandika kwa gundi yangu, mzee. Ile haibanduki. Ukivuta, unatoka na sahani.

Nilijua hapo nimekwisha. Na mtu akishakwisha, anakuwa mwepesi. Nikasimama mbele ya Thadeus, kola yangu ndefu na yote.

Mimi: Mzee, sijui.

Bosibori: Eh! Amesema nini?

Mimi: Nimesema sijui. Sijui Kizungu cha kwenye sahani, sijui mwendo upi ni wa kweli. Lakini sikiliza. Kesho jua likizama nitakuja na mashine hii. Nitawapigia Wazungu wako wimbo huu mara nne, kila mara mwendo wake. Ule watakaoinukia ndio wao. Ile mingine mitatu ni yetu, na hawajawahi kuisikia popote duniani. Nani mwingine Kisii anaweza kukupa hiyo?

Thadeus aliacha kucheka. Alinitazama viatu, akapanda mpaka usoni.

Thadeus: Wakicheka je?

Mimi: Jumatatu niko Nyamache kwenye majani chai, mzee, hutaniona tena.

Thadeus: Na wakiinuka mara zote nne?

Mimi: Basi utahitaji viti vichache.

Bitutu akaandika kitu kwenye daftari. Nilichungulia, alikuwa ameandika "Jumamosi, Momanyi, mara nne", akapiga mstari chini.

Thadeus: Kesho. Lakini jua likizama sitasubiri mvua wala asubuhi, kijana. Nataka zote nne nikizitaka.

Gari likaondoka. Sisi tukabaki na tatizo. Jioni ya Keroka ni baridi, raba itakaza, itatoka ya haraka tu usiku kucha. Waya akasema ni rahisi, unakata raba nne, kila moja urefu wake, ile ya moshi unailowesha maji, unabadilisha. Ila tyubu yake ilikuwa imekwisha, na maduka ya baiskeli ya hapa ni ya Wasabato, yanafungwa Ijumaa mchana na yanafunguliwa Jumapili. Dizeli alileta tyubu ya lori. Ilikuwa nene kama kiatu, mota ikanusa ikakataa. Bosibori alitoa lastiki ya sketi kuukuu, ikakatika. Nilianza kufikiria kwenda Kisii kwa miguu.

Shemasi akainuka, akaenda pembeni ya duka alikoegemeza baiskeli yake, ile nyeusi anayokwenda nayo kanisani kila Sabato, kilomita saba za milima. Akaigeuza juu chini. Akaomba spana. Sisi tulimtazama anafungua gurudumu la mbele, anachomoa tyubu, anaikung'uta vumbi, anamkabidhi Waya kwa mikono miwili kama anavyotoa sahani ya sadaka.

Mimi: Shemasi, na kesho kanisani?

Shemasi: Nina miguu.

Dizeli: Wakikuuliza baiskeli iko wapi?

Shemasi: Nitasema nimewaazima watu wenye shida. Si uongo.

Waya akainyoosha tyubu juu ya benchi, akachukua mkasi, akapima kwa vidole.

Waya: Basi nakata nne.

Shemasi alikuwa ameshaanza kuondoka akiisukuma baiskeli yake yenye gurudumu moja la upepo na moja la chuma kitupu. Akasimama, bila kugeuka.

Shemasi: Kata tano. Moja iwe pole pole kuliko ile ya saa sita.